Kijiti cha kukamatia buibui: nyota nne, vingine vyote vya winta ni kupoteza hela bure

Haya, kwa mnaoishi huku kwenye baridi na mnapiga kelele kila mkimuona buibui ukutani, huu ndio ukweli wangu kuhusu vitu wanavyotuuzia. Naandika hasa kwa ajili ya kile kijiti chenye brashi mbele cha kumkamatia buibui akiwa mzima, ila nitavigusa na vingine maana humu ndani vimejaa, mume wangu akishaona tangazo la kufukuza mdudu mkono wake hauna breki, anabonyeza tu parseli inakuja. Kijiti nakipa nyota nne. Spreyi ya mnanaa mbili. Karatasi za gundi moja, na hiyo moja ni kwa sababu zilinifundisha kitu. Kale kadude ka kuchomeka kwenye soketi hakana nyota, hata ile ya huruma.

Sisi tupo Leicester, Uingereza, nyumba ni zile za matofali mekundu za zamani zilizoshikana mtaa mzima, yaani ukikohoa jirani anakwambia pole. Nyumba hizi zina matundu kila mahali, chini ya mbao za sakafu kuna uwazi, darini kuna uwazi, chini ya ngazi kuna kastoo ka kutupia viatu na mapazia ya zamani, kwa hiyo buibui wamo, walikuwemo kabla yetu. Wanaotisha watu ni wale wakubwa wa kahawia, jina lao la kitaalamu Eratigena atrica. Jike mwili wake unafika milimita 18, dume mwili ni mdogo kidogo ila miguu sasa, akiitandaza inaweza kufika sentimita 7 na nusu. Na mbio! Wanapiga kama nusu mita kwa sekunde, kitabu cha rekodi cha Guinness kilikuwa kinamtaja yeye ndiye buibui mwenye mbio kuliko wote mpaka 1987. Ule muda unaoenda kuchukua ndala ameshavuka sebule yupo chini ya kochi, na sasa usiku mzima hamlali mnajua yupo chini ya kochi.

Watu wengi wanaamini hawa buibui wanaingia ndani kukimbia baridi. Hapana bana. Wengi wao wamezaliwa humo humo ndani, wamekulia humo na watafia humo, sema hatuwaoni maana wanakaa nyuma ya vitu. Kuna mzee mmoja wa makumbusho ya Burke kule Seattle, Marekani, Rod Crawford, amekaa miaka na miaka anawarekebisha watu kwenye hili, yeye anasema buibui unaowaona ndani wale waliowahi kutoka nje hata siku moja hawafiki hata asilimia 5. Kinachotokea mwisho wa Agosti mpaka Oktoba ni kwamba madume yamekomaa, yanaacha utando wao na kuanza kuzunguka nyumba nzima kutafuta mke. Ndio hao mnaokutana nao kwenye zulia saa nne usiku mkiangalia tivii. Akishampata jike anakaa naye siku kadhaa, halafu anakufa, na mara nyingine jike anamla huyo huyo marehemu. Kwa hiyo ikifika Desemba, baridi imekaza, hita zinawaka, madume karibu yote yameisha na waliobaki ni kina mama wametulia kwenye kona zao wanasubiri. Jike anaweza kuishi miaka miwili mitatu. Ukiona kona ile ile ina utando ule ule mwaka hadi mwaka, huyo ni mpangaji wa kudumu.

Sasa kijiti chenyewe.

Ni mpini wa plastiki mwepesi, urefu kama sentimita 65 hivi, mwisho mmoja kuna triga ya kubana kwa vidole na mwisho wa pili kuna nywele za brashi. Ukibana triga zile nywele zinafunguka kama ua, unamfunika buibui pale pale alipo, unaachia triga taratibu na nywele zinajifunga zikamkumbatia. Hafi, havunjiki kitu, amebanwa tu katikati. Ncha za nywele ni laini na zimeachana kiasi kwamba mwili unapata nafasi, ila miguu miwili mitatu huwa inachungulia nje inapapasa hewa, na hapo ndio wengi wanakitupa kijiti chini na kukimbia. Usitupe. Nenda zako mlangoni, bana triga tena, tikisa, kwisha.

Cha kuzingatia ni kasi yako. Ukienda haraka anahisi upepo anakimbia, maana hawa hawaoni vizuri, mwili mzima una vinyweleo vinavyosoma hewa inavyotembea. Nenda polepole ukitokea juu yake, nywele ziwe zimeshafunguka tangu mbali, usifungulie pale pale usoni pake kwa sababu ile sauti ya triga yenyewe inamshtua. Ukutani na kwenye dari kinafanya kazi vizuri sana, pembeni ya kabati vizuri, kwenye kona kabisa hapo ndipo kinafeli, zile nywele zinagonga kuta mbili kwa wakati mmoja hazifungi sawasawa na yeye anateleza anapita chini. Ndio nyota iliyopungua hiyo. Na nyingine nusu ningeikata kwa ajili ya springi, cha kwetu kimeanza kulegea, triga ukiiachia inarudi kwa uvivu na nywele za upande mmoja zimejikunja, mtoto alikuwa anakitumia kuokotea vitofali vyake vya Lego chini ya kitanda. Sijakata kwa sababu kwa pauni kumi na kitu kimetuondolea kelele ndani ya nyumba. Binti yangu mdogo alikuwa akimuona buibui anaita mamaaa mpaka jirani anagonga ukuta, siku hizi anasema tu mama lete kijiti, na mara nyingi anakamata mwenyewe.

Glasi na postikadi inafanya kazi hiyo hiyo bure, najua, mtaniambia. Inafanya kama buibui yupo chini au ukutani usawa wa kifua. Yupo juu ya kabati la nguo je? Unapanda kiti na glasi mkono mmoja na postikadi mkono wa pili, huna mkono wa kujishikia, na yeye akiamua kudondoka anadondokea kifuani kwako. Kijiti kinakupa ule umbali, na ukweli ni kwamba ule umbali ndio unaoununua.

Akiwa kwenye beseni la kuogea ndio rahisi kuliko kote. Hakutokea kwenye bomba, ile kona ya bomba chini ina maji muda wote hawezi kupita. Alikuja kutafuta maji ya kunywa au alikuwa anapita zake ukingoni akateleza, na miguu ya hawa wa kahawia haina kitu cha kunatia kwenye sehemu laini, kwa hiyo anazunguka humo ndani usiku kucha anapanda anateleza. Kama hutaki kumshika tundika taulo ukingoni lining'inie ndani, asubuhi hayupo. Ila sasa ndio hujui ameenda wapi, kwa hiyo wengine mtachagua kijiti.

Tatizo la winta ni wapi unamtoa. Maelekezo kwenye boksi yanasema mtoe nje. Nje kuna theluji jamani. Huyu mkubwa wa kahawia ukimpeleka kwenye shedi au gereji au chini ya rundo la kuni ana nafuu, atajibanza. Lakini kuna mwingine mwembamba, miguu mirefu kama uzi, anakaa kichwa chini kwenye kona za dari, Pholcus phalangioides, huyo asili yake ni sehemu za joto na huku Uingereza anaishi kwa sababu ya nyumba zetu, baridi kali ya nje inamuua. Kumtoa nje Januari na kumpiga ndala ni kitu kimoja, tofauti ni kwamba hujachafua ukuta. Na huyo kwa kweli ndio wa mwisho ningemtoa. Nitaeleza.

Karatasi za gundi zile, tulinunua pakiti, tukaweka moja nyuma ya sinki, moja kwenye kastoo, moja nyuma ya mashine ya kufulia. Sizipendi, buibui akinasa anakufa polepole siku nyingi anapapatika, na watoto wanaona. Nyota moja. Lakini zilipokaa muda nilizitoa nikaweka juu ya gazeti mezani nikaanza kuangalia nini kimenasa, na hapo ndio nikapata jibu la swali ambalo kila mgeni anauliza, kwamba hivi hawa winta yote wanakula nini, nzi wenyewe hakuna?

Wapo wa kutosha. Nyuma ya sinki kulikuwa na vile vidudu vya kijivu vyenye magamba vinavyopenda unyevu, miguu kibao, huku vinakaa chini ya vyungu vya maua na kwenye mbao zilizooza, vinapita chini ya mlango. Kulikuwa na vile vya rangi ya fedha vinavyokimbia ukiwasha taa bafuni usiku, vinakula makombo na gundi ya vitabu. Kulikuwa na vijinzi vidogo vyeusi vingi kweli, vile vinavyotoka kwenye udongo wa mimea ya ndani ukiimwagilia sana, na mimi nina mimea kila dirisha. Kwenye kastoo nondo wadogo wa rangi ya ngano, hao ni adui wa kweli maana mayai yao yakianguliwa viwavi vinakula sweta za sufu, mume wangu ana koti lake moja la msiba limetobolewa kwapani. Na darini kuna nzi wanalala winta yote kwa makundi, siku hita ikipasha dari au jua likitoka kidogo wanaamka, wanashuka dirishani wanazunguka wamelewa usingizi. Hao ndio pilau la buibui.

Nyuma ya mashine ya kufulia kulikuwa na miguu tu ya buibui. Buibui wanakulana sana, tena sana.

Vyote hivyo havitafunwi. Buibui hana meno ya kutafuna, anang'ata anaingiza sumu, mnyama akitulia anamtemea maji ya tumboni yanayoyeyusha nyama, halafu anafyonza supu. Ndio maana chini ya utando unakuta maganda matupu, mbawa za nondo, miguu mikavu, na vile vitone vyeupe na vyeusi kwenye skating, ule ubao wa chini ya ukuta, ambavyo ni choo chake. Makombo ya mkate hali. Ubwabwa wako hana habari nao. Na kama hakuna chakula anakaa miezi, anatulia tu kwenye kona mwili umezimwa nusu, kwa hiyo ule mpango wa kwamba nikisafisha sana atakufa njaa wiki ijayo, hamna. Kusafisha kunasaidia kwa njia nyingine, ukipunguza unyevu na vijinzi na nondo, buibui wachache watapata sababu ya kuzaa hapo. Nilipoacha kumwagilia mimea kila siku vijinzi viliisha na kile kiutando cha dirishani kikahamia kwenye dirisha la bafuni, akafuata biashara.

Na wao si wadogo wa kula. Kuna wataalamu wawili, Nyffeler na Birkhofer, walipiga hesabu mwaka 2017 wakasema buibui wa dunia nzima wanakula kati ya tani milioni 400 na 800 za wadudu na viumbe wengine kila mwaka. Sehemu kubwa ni porini na mashambani, si sebuleni kwangu, lakini mnaelewa.

Sasa yule mwembamba. Kwenye kastoo chini ya ngazi anakaa mmoja juu ya mita ya umeme, mwili haufiki hata sentimita moja, rangi ya vumbi, ukimpulizia anaanza kujitikisa na utando wake kwa kasi mpaka humuoni vizuri, ndio ulinzi wake huo. Ukimuona unasema huyu hata nzi atamshinda. Jioni moja nilikuwa natafuta buti za mtoto na tochi ya simu, nikaona jike kubwa la kahawia linapita chini yake kwenye ukuta, limenenepa, mguu mmoja ukagusa uzi. Yule mwembamba akashuka, lakini hakumsogelea. Akageuka akampa mgongo na kuanza kumrushia nyuzi kwa miguu ya nyuma, kwa mbali, haraka haraka, anavuta uzi anarusha, anavuta anarusha. Lile jike linarusha miguu, linajaribu kumng'ata, halimfikii, ile miguu mirefu iliyokuwa inanichekesha ndiyo inamuweka mbali na meno. Mguu mmoja ukafungwa, wa pili, wa tatu, likawa halina pa kukanyagia, likaning'inia. Ndipo akasogea taratibu akaling'ata kwenye kiungo cha mguu mara moja, akarudi nyuma akasubiri. Nimesimama hapo na buti mkononi mpaka mume wangu akauliza mama vipi umelala humo? Alikuwa bado analo siku iliyofuata, amelifunga kifurushi, na baadaye likadondoka ganda jepesi ukilipuliza linaruka.

Kwa hiyo ninyi mnaowaogopa wale wakubwa wa mbio, mlinzi wenu ni huyo mwembamba mnayemfagia na ufagio wa dari kila Jumamosi. Anakula mbu pia, na nondo, na vile vidudu vya kijivu. Utando wake unachafua, nakubali, unakusanya vumbi unaning'inia mbaya mbaya, mimi nafagia wa sebuleni na wa jikoni na naacha wa kastoo, wa bafuni nyuma ya boila na wa darini. Ukimuona amebeba kifurushi mdomoni ni mayai yake, jike anayabeba hivyo hivyo mpaka yaanguliwe.

Spreyi ya mnanaa. Harufu nzuri siku ya kwanza, siku ya tatu unahisi unaishi ndani ya pipi, chai ina mnanaa, mto una mnanaa. Mbili nimeipa kwa sababu kuna utafiti kweli, ulichapishwa 2018, walijaribu aina tatu za buibui na mafuta ya mnanaa, mafuta ya limao na mbegu za chestnut, jina ambalo huku wanaziita pia zile kubwa za kahawia zinazong'aa ambazo watoto wanaokota chini ya miti mwezi wa kumi, yaani konka. Limao halikufanya kitu. Mnanaa na chestnut vilifukuza wengi wao. Sasa tofauti ni kwamba maabara ni kaboksi, unamwekea buibui pande mbili achague akae wapi, nyumba yangu ina vyumba na ngazi na dari na mafuta yanakauka baada ya muda mfupi, ungehitaji kupuliza kila siku winta nzima kila ukingo wa mlango. Halafu wenye paka muwe makini, mafuta ya mnanaa si salama kwa paka. Na hizo konka, bibi mmoja jirani mzungu alituletea bakuli zima kwa upendo tuweke kwenye pembe za vyumba, tumeweka, nzuri kama pambo. Chama cha wanakemia cha Uingereza kiliwahi kutoa zawadi kwa atakayethibitisha zinafanya kazi, na 2010 wakawapa watoto wa shule ya msingi ya Cornwall ambao walijaribu na kuonyesha buibui wanazikanyaga tu wanapita. Kwa hiyo hata sayansi yenyewe haijashikana mikono hapo, ila konka ni bure, jaribuni.

Kale kadude ka soketi kanakotoa sauti ambayo binadamu hasikii eti wadudu na panya wanakimbia, jamani. Kametulia pale kanawaka kataa ka bluu, na utando umefungwa kutoka kwenye kadude kenyewe mpaka kwenye skating. Nimepiga picha. Marekani kule tume ya biashara yao ilishawaandikia barua za onyo watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 wa hivi vitu mwaka 2001, kwamba mnayoyadai muwe na ushahidi nayo, na mpaka leo vinauzwa na vinabadilishwa rangi tu. Duka tulilonunulia walikataa kurudisha hela wakasema kifaa kinafanya kazi, taa inawaka. Ni kweli taa inawaka.

Kuna suala la sumu, maana kila Oktoba magazeti ya huku yanaweka picha ya mkono umevimba na kichwa cha habari kikubwa. Buibui karibu wote wana sumu, ndio wanavyoua chakula, ila wengi meno yao hayana kazi kwenye ngozi ya mtu na hawana nia. Anayetajwa ni yule mweusi mweusi mwenye tumbo la mviringo linalong'aa wanayemwita mjane bandia, Steatoda nobilis, kwao ni visiwa vya Madeira na Canary, alionekana Uingereza mara ya kwanza 1879 mji wa Torquay, kwa hiyo hajaja jana. Akikubana, tuseme umevaa koti alimokuwa, anauma, inakuwa kama umeng'atwa na nyigu, kwa wengi inapita. Kung'uteni makoti na buti zilizokaa darini. Kijiti kinamkamata vizuri sana huyo kwa sababu ni mvivu, hakimbii.

Mama mkwe alikuwa hapa winta iliyopita, ametoka Tanga, mara ya kwanza kuona theluji. Akaona kijiti, akauliza mwanangu hii ni ya nini, nikamuonyesha. Akacheka mpaka khanga ikamdondoka. Kwake yeye buibui hauliwi, kwa sababu ya yale masimulizi ya pango la Thawr, buibui alipotanda utando mlangoni Mtume na Abubakari wakiwa ndani na maadui wakapita wakisema humu hajaingia mtu. Anayeuawa ni mjusi kafiri, tulifundishwa hivyo wote tangu wadogo. Nikamwambia mama, huku mjusi kafiri hakuna, na kwa kweli ndio nikaiona tofauti ya nyumba zetu. Kule nyumbani taa ya barazani ikiwashwa mijusi inajipanga yenyewe inagombania kumbikumbi, sisimizi wanabeba mizoga, popo wanapita, kuku asubuhi anamalizia. Buibui ni mmoja kati ya wengi hata humuoni. Huku milango imefungwa miezi, kazi yote ya kula wadudu ndani ya nyumba imebaki ya buibui peke yake. Akasema basi muacheni afanye kazi, na akaanza kumsalimia yule wa kastoo kila akienda kuchukua viatu, salama bibi?

Na kama mnataka buibui wa kujivunia, tunao kule kwetu upande wa Ziwa Victoria, Kenya na Uganda. Kadogo, kanaruka, Evarcha culicivora, kanaishi kwenye kuta za nyumba za watu na kanapenda mbu jike wa malaria aliyeshiba damu kuliko chakula kingine chochote. Yeye mwenyewe hawezi kutoboa ngozi ya mtu anyonye damu, kwa hiyo anaipata ndani ya mbu. Watafiti kule Mbita, Kenya, walimjaribu na soksi, mwaka 2011 wakachapisha kwamba anavutwa zaidi na harufu ya soksi iliyovaliwa kuliko soksi safi, kwa sababu palipo na harufu ya mtu pana mbu. Nimemuonyesha mume wangu hiyo nikamwambia soksi zake zina soko.

Haya turudi dukani. Kama unanunua kijiti, usichukue kile chenye nywele fupi ngumu, vinauzwa pauni chache na vinakata miguu, shika ncha kwa kidole kwanza ziwe zinapinda. Bana triga mara nyingi dukani, ikikwama hata mara moja rudisha. Vile vyenye mpini wa kurefuka ni vizuri kwa dari ndefu za nyumba za zamani lakini vinayumba ukivivuta mpaka mwisho, na ukiyumba buibui anakudondokea, bora cha mpini mmoja halafu wewe upande juu ya kastuli kadogo. Cha kuwasha taa mbele hakina haja, betri zinaongeza uzito na mwanga unamkimbiza. Onlaini bei inashuka kuanzia Novemba msimu wa madume ukipita, Septemba wanapandisha wanajua mnapiga kelele. Kitundike mahali watoto wanafikia, cha kwetu kipo nyuma ya mlango wa kastoo, upande wa pili wa bibi.